Cheti cha hewa ukaa kilichopima hewa ya gereji

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina Noah mbili za injini ya lita 2 zinazobeba wafanyakazi wa kampuni moja kutoka Segerea na Kinyerezi kwenda Posta asubuhi, na kuwarudisha jioni. Mwaka huu kampuni imetuambia kila mwenye gari aonyeshe anavyopunguza hewa ukaa, la sivyo mkataba hauongezwi. Nimeletewa jamaa anayefunga kifaa cha haidrojeni kinachotumia maji. Alikifunga kwenye gari moja kwa majaribio, akapima moshi kabla na baada, akanipa karatasi ya vipimo pamoja na cheti kinachosema hewa ukaa imepungua kwa asilimia 23. Karatasi nimekuambatishia. Fundi wangu naye anasema kifaa kitafanya kazi vizuri zaidi nikitoa masega (katalisti, lile kopo la kusafisha moshi) kwenye ekzosi, kwa kuwa ndiyo yanayokusanya kaboni. Wengine wananishauri nifunge mfumo wa gesi. Nilipie kifaa, nitoe masega, au niende kwenye gesi? (Msomaji, Tabata Segerea)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kifaa usilipie, masega usitoe. Gesi nitaifikia, ila kwanza tukae kwenye hiyo karatasi, maana karatasi za namna hii zimeanza kuzagaa mjini na kila anayeniletea anaamini ameshika ushahidi.

Vipimo vya kabla ya kifaa vinasema hivi: hewa ukaa asilimia 14.6, kabonimonoksaidi asilimia 0.30, petroli isiyoungua sehemu 120 kwa milioni, oksijeni asilimia 0.4. Vya baada: hewa ukaa 11.2, kabonimonoksaidi 0.23, petroli isiyoungua 92, oksijeni 5.2. Jamaa amezungushia hewa ukaa duara la kalamu nyekundu. Kwenye oksijeni hakuandika kitu, na hapo ndipo penye habari.

Chukua simu yako ufungue kikokotoo. Gawanya 11.2 kwa 14.6, utapata 0.77. Gawanya 0.23 kwa 0.30, utapata 0.77. Gawanya 92 kwa 120, utapata 0.77. Gesi tatu tofauti, ambazo ndani ya injini kila moja ina sababu zake za kupanda na kushuka, zimeshuka zote kwa kiwango kimoja. Injini haifanyi hivyo hata siku moja. Kinachofanya hivyo ni moshi kuchanganyika na hewa ya nje. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Chukua sehemu 77 za moshi ule wa kwanza, ongeza sehemu 23 za hewa ya pale gereji, na oksijeni ya mchanganyiko itafika asilimia 5 na ushee. Ndicho kilichochapishwa kwenye karatasi yako. Ile asilimia 23 ya kwenye cheti ni kiasi cha hewa ya gereji iliyoingia kwenye mashine. Gari lilikuwa linatoa moshi uleule wa kabla ya kifaa.

Hewa hiyo huingia kwa njia nyepesi sana. Mpira wa kupimia unatakiwa uzame ndani ya bomba la moshi, kama sentimita 30 hivi. Ukiuchomeka mdomoni tu mwa bomba, unavuta moshi na upepo pamoja. Njia nyingine ni kulegeza kiungo cha ekzosi au kuacha tundu kwenye sailensa. Kwa hiyo leo hii mwambie dereva aliingize hilo gari kwenye shimo la gereji, umulike viungo vyote vya ekzosi kuanzia kwenye injini. Kama kuna kilicholegezwa mbele ya sensa ya oksijeni, una hasara nyingine juu ya hasara: sensa itaona oksijeni ya nje, kompyuta ya gari itadhani injini imepungukiwa mafuta, nayo itaongeza petroli. Utakuwa umelipia kifaa cha kupunguza hewa ukaa, na gari linakunywa kuliko jana.

Sasa nikueleze kinachonikera kuliko hata huo ujanja. Hata kama mpira ungezamishwa sawasawa, kipimo hicho hakijibu swali la kampuni yako. Asilimia ya hewa ukaa kwenye moshi haikuambii gari limetoa hewa ukaa kiasi gani. Ukimimina maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi, ladha itapungua ukali, lakini chumvi iliyomo sufuriani ni ileile. Tena injini ya petroli iliyo na afya inasoma hewa ukaa asilimia 14 hadi 15. Fundi anayejua kazi akiona namba hiyo anafurahi, kwa sababu maana yake petroli inaungua yote. Ikishuka anaanza kutafuta ugonjwa: plagi inakosa kuwaka, mafuta yamezidi, au ekzosi inavuta hewa. Watu wanauziwa dalili ya ugonjwa kama tiba, wanaitundika ukutani kwenye fremu.

Mzizi wa haya yote ni imani moja ninayokutana nayo kila mahali, kuanzia gereji za Ilala mpaka kwenye ofisi zenye viyoyozi: kwamba moshi ukiwa msafi, hewa ukaa imepungua. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Moshi mweusi ni masizi, moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokwisha mara nyingi ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye injini. Vyote hivyo vitengenezwe, vina madhara kwa mapafu ya watu na kwa gari lenyewe. Lakini gari lisiloonyesha moshi hata chembe linatoa hewa ukaa kwa kadiri ya petroli inayoungua, na hesabu yake haihitaji mashine.

Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Humo, gramu kama 640 ni kaboni. Kila gramu 12 za kaboni zikiungua hushika gramu 32 za oksijeni kutoka hewani, zinakuwa gramu 44 za hewa ukaa. Endeleza hesabu utafika kilo 2.3 za hewa ukaa kwa kila lita. Dizeli ina kaboni zaidi kwa kila lita, inatoa kilo 2.7 hivi. Watu hushtuka kwamba kitu kisichotimia kilo kinazaa gesi ya kilo mbili na zaidi, lakini uzito ulioongezeka ni wa oksijeni. Kaboni iliyoingia kwenye tenki lazima itoke, na hakuna chujio wala kidonge cha kuizuia isitoke. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia kitu cha kupunguza hewa ukaa kwenye gari la petroli, swali la kumuuliza ni lita ngapi zitapungua kwa kilomita mia moja. Akianza kukueleza habari za moshi, muage.

Tuje kwenye haidrojeni yake. Kifaa kile ni chupa yenye maji na bati za chuma, kinachukua umeme wa gari na kuyapasua maji yawe haidrojeni na oksijeni, halafu gesi hiyo inapelekwa kwenye injini. Kemia yake ni ya kweli, na ndiyo maana inawanasa hata watu waliosoma: mapovu yanaonekana kwa macho. Swali ni umeme unatoka wapi. Huo si umeme wa Bwawa la Nyerere. Unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini, na injini inakula petroli yako. Sehemu kubwa ya nguvu ya petroli, zaidi ya nusu, inapotea kama joto kabla haijafika kwenye magurudumu au kwenye mkanda. Altaneta nayo inapoteza sehemu nyingine, na kupasua maji kunapoteza tena. Ukija kuichoma ile haidrojeni kwenye injini ileile, unarudishiwa senti chache za shilingi uliyotoa. Na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Vifaa vya ukubwa huo vinatoa gesi lita moja kwa dakika au pungufu. Injini yako ya lita 2 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika ina nafasi ya kuvuta lita 2,500 za hewa kila dakika. Hata ukisema throto, ule mlango wa hewa wa injini, imefunguka nusu tu, hiyo lita moja inamezwa ndani ya lita elfu na zaidi.

Habari hii si mpya. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, vikiwemo sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutia kwenye tenki, na halikupata hata kimoja kinachopunguza kwa kiasi cha maana. Wauzaji wa hapa kwetu wanajua watu hawana muda wa kusoma ripoti za EPA.

Masega sasa. Fundi wako amekosea jambo la msingi kabisa. Masega hayakusanyi kaboni. Ndani ya lile kopo la ekzosi kuna kauri ya vitundu vidogo iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto, kabonimonoksaidi inageuzwa kuwa hewa ukaa, petroli isiyoungua inageuzwa kuwa maji na hewa ukaa, na oksaidi za naitrojeni zinageuzwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Ndiyo, kwa hesabu kali masega yanaongeza hewa ukaa kidogo, na ni sawa kabisa, kwa sababu kabonimonoksaidi inaua mtu ndani ya chumba kilichofungwa, na hata ikibaki hewani mwishowe inageuka kuwa hewa ukaa hiyohiyo. Ukiyatoa, hewa ukaa ya gari haipungui kwa namna yoyote ya maana. Kitakachobadilika ni kile wanachovuta abiria wako na wapita njia pale Buguruni, foleni isiposogea na madirisha yakiwa wazi.

Muulize pia fundi masega yakishatolewa yanakwenda wapi. Yale madini matatu yana bei, na kuna wanunuzi wanaopita gereji hadi gereji kuyatafuta. Inaniuma, kwa sababu masega yasingedumu kwenye magari yetu bila kazi kubwa ya kuondoa petroli yenye madini ya risasi, ambayo yanaharibu upako wa ile kauri. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Leo tuna mafuta yanayoruhusu masega kufanya kazi, halafu tunayakata kwa grainda.

Kama kweli masega yako yameziba na gari limekuwa zito, jua kwamba hayazibi yenyewe. Kuna plagi au koili inayokosa kuwasha na petroli mbichi inakwenda kuungulia humo, au injini inakula oili. Ukitoa masega ukaacha koili mbovu, ugonjwa umebaki na gari. Na wasikubali kukuwekea kile kipande cha kurefusha sensa ya nyuma ili taa ya dashibodi izime. Taa hiyo inakutetea.

Kwenye magari yako mwenyewe kuna hewa ukaa nyingi ya kupunguza, tena bila kununua kitu. Kama madereva wako wanafanya kama wengi wa kazi hii, asubuhi wanashusha watu Posta kisha wanarudi Segerea tupu, na jioni wanakwenda mjini tupu. Hapo nusu ya kilomita zako zote hazina abiria. Piga hesabu ya kulaza gari mjini mchana ukilipa maegesho ya TARURA au kiwanja cha mtu, uilinganishe na petroli ya safari mbili tupu kwenye foleni. Au tafuta kazi ya kurudi nayo. Hakuna kifaa duniani kinachoweza kukukatia nusu ya lita, ila ratiba inaweza.

Jingine ni kusubiri injini ikiwaka ili AC isizime. Injini ya ukubwa huo na AC inaweza kumaliza lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Noah mbili zikisubiri saa moja kila siku ya kazi, kwa siku 25 ni lita 50, na hewa ukaa kilo 115. Upepo wa matairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi: psi 10 pungufu kwenye tairi zote zinakula karibu asilimia 2 ya mafuta. Sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kula mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo taa ya injini ikiwaka usiizoee.

Kuhusu gesi. Gesi asilia inatoa hewa ukaa pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na petroli kwa nguvu ileile, kwa hiyo ni njia halali, na kwa mfuko wako huenda ndiyo yenye nafuu kubwa zaidi. Ila gesi hii ni methani, na methani inayovuja bila kuungua inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa: kilo kwa kilo ni karibu mara 30 kwa hesabu ya miaka 100, na zaidi ya mara 80 kwa hesabu ya miaka 20. Ikikuvujia kilo 1 katika kila kilo 100, faida yako ya hewa ukaa inapungua kwa karibu sehemu nne kati ya kumi kwa hesabu ya kwanza, na kwa hesabu ya pili yote imeyeyuka. Kwa hiyo ukifunga, funga kwenye karakana inayotambulika, mtungi uwe wa gesi asilia wenye muhuri na tarehe ya kupimwa upya, maana unajazwa kwa presha ya baa 200. Viungo vipakwe maji ya sabuni kila sevisi. Povu likitokea, gari lisitoke. Na foleni ya kituo cha gesi iingie kwenye hesabu zako, usije ukaokoa kwenye mafuta ukapoteza kwenye saa.

Kwa kampuni, peleka daftari badala ya cheti. Jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha wiki, jaza tena kwenye sheli ileile mpaka ikate, andika lita na ubane risiti ya EFD. Lita zizidishe kwa 2.3. Noah inayokwenda kilomita 9 kwa lita inatoa gramu kama 255 kwa kilomita. Ikifika 10, ni gramu 230. Gawanya kwa idadi ya abiria waliokaa ndani. Mhasibu yeyote anaweza kuikagua hesabu hiyo, na hakuna anayeweza kuichanganya na hewa ya gereji.

Nageukia wengine wanaosoma hapa, hasa maofisa wa kampuni wanaodai makaratasi haya kwa wenye magari. Mnapodai cheti bila kusema kipime nini, mnawatengenezea matapeli soko. Wameshalijua. Leo ni haidrojeni, na wapo wenye kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kupimia chini ya usukani, ambacho ukikifungua unakuta taa zinazomulika na saketi isiyoongea chochote na gari. Wapo wenye mafuta ya kuongeza kwenye oili, na kila mmoja ana mashine ya kutoa karatasi. Wanaoumia ni watu wenye gari moja au mbili, wanaokopa ili wasipoteze mkataba. Andikeni kwenye mkataba kwamba mnataka lita kwa kila abiria kwa kilomita, na risiti. Na kabla ya kumwambia mwenye Noah apunguze, angalieni ratiba yenu wenyewe: kama mmeweka magari mawili kupita barabara moja kila moja likiwa na watu watatu, hewa ukaa hiyo imetoka mezani kwenu.

Na nyinyi ambao tayari mmefungiwa kifaa cha haidrojeni, kitoeni, lakini si kwa mikono mitupu. Yale si maji matupu. Ili yapitishe umeme huchanganywa kemikali, mara nyingi kostiki ya jamii ile ya watengeneza sabuni, inayochoma ngozi na macho. Vaeni glavu na miwani, zimeni gari, tenganisheni betri kwanza, kisha ndiyo mfungue chupa. Fuateni waya wake mpaka mwisho: nimekuta zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, zikipita juu ya ekzosi, plastiki imeanza kulainika. Waya huo utolewe wote, usikatwe nusu na kufungwa gundi. Tundu la mpira walilotoboa kwenye njia ya hewa ya injini lizibwe vizuri au kipande kibadilishwe, kwa sababu likiachwa wazi injini itavuta vumbi ambalo halijapita kwenye chujio, na vumbi la barabara zetu linamaliza pistoni upesi.